Somo la moteri ya mulini: Kupima mazutu ya kuwashia wakati mumeweka injekteri kubwa

Ndugu wamemba wa kooperative, mumetuzoea kwa mambo ya mbegu, ya mbolea na ya magonjwa ya mihogo. Leo tunaingia ndani ya nyumba ya mulini. Mahindi yakishavunwa na kukauka, kazi yote ya sezoni inangojea ile moteri moja iwake asubuhi. Isipowaka, mama anarudi na kilo zake 15 kichwani, na kooperative inakosa pesa za siku nzima.

Katika vijiji vingi vya uwanda wa Ruzizi na vya milimani tunasikia maneno yale yale: "Moteri ikisha kuwaka inatumika muzuri, lakini asubuhi inakatala. Tunazungusha manivele mpaka mikono inachoka, moshi mweupe unatoka, basi." Tukiuliza zaidi, mara nyingi tunakuta kuna piesi iliyobadilishwa. Injekteri ya zamani ilikufa, sokoni haikupatikana ya namba ile ile, fundi akaweka ya moteri kubwa zaidi. Ao komite yenyewe iliomba: "Utuwekee kubwa, ili mulini ipate nguvu."

Tuseme wazi tangu mwanzo: sisi hatushauri injekteri kubwa kwa ajili ya kutafuta nguvu, na sababu tutaionyesha. Lakini tunajua pia kwamba piesi ya kweli wakati mwingine inakosekana miezi mizima, na mulini haiwezi kulala miezi mizima. Kwa hiyo somo hili ni kwa ajili ya wale ambao kubwa imekwisha kuingia, na kwa fundi wao.

Nani anapima mazutu?

Hapa njo penye kuchanganya watu wengi. Injekteri haipimi mazutu. Inayopima ni pompi. Ndani ya pompi kuna pistoni ndogo, nyembamba kuliko kidole, ambayo inasukumwa na kamu. Kila ikipanda inasukuma kipimo fulani cha mazutu kwenye tuyo ya chuma, na kipimo kile kinaongezeka ao kinapunguka kwa kuigeuza ile pistoni kidogo. Kazi ya injekteri ni kufungua wakati presha imefika, na kupasua mazutu ile iwe mvuke, sawa vile ukungu wa asubuhi juu ya ziwa.

Tuchukue moteri ambayo wengi wenu munayo, ile ya Kichina ya silinda moja, S195, yenye nguvu za farasi 12 ikizunguka mara 2000 kwa dakika. Ikifanya kazi kwa nguvu yote, inakula karibu litre 2,7 za mazutu kwa saa. Moteri hii inapiga mazutu mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni mara 1000 kwa dakika, mara 60 000 kwa saa. Gawanya: kila pigo moja ni karibu mililita 0,045. Ni tone moja dogo, kama lile linaloanguka kwenye robine isiyofungwa vizuri. Moteri nzima, mulini nzima, vinasimama juu ya tone lile. Tone likizidi kidogo ao likikosa kupasuka, kila kitu kinaharibika.

Sasa, fundi akisema "nimeweka kubwa", lazima mumuulize: kubwa ya nini? Kwa sababu kuna mambo mawili, na hayatengenezwi kwa njia moja.

La kwanza ni ncha ya injekteri. Kwenye S195 na ndugu zake, mazutu inaingia kwanza katika chumba kidogo pembeni ya silinda, na ncha yake ina tundu moja lenye msumari ndani. Kwenye moteri nyingine, ambazo mazutu inaingia moja kwa moja juu ya pistoni, ncha ina vitundu vine ao vitano vidogo sana. Ukichukua vitundu vya milimita 0,28 ukaweka vya 0,32, jicho linaweza kuona ni vile vile. Lakini fanya hesabu: 28 mara 28 ni 784, na 32 mara 32 ni 1024. Njia ya kupita imepanuka karibu asilimia 31. Kipimo cha mazutu hakikubadilika sana, maana pompi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mazutu sasa inapita kwa upole, na matone yanakuwa manene.

La pili ni ile pistoni ya pompi. Mafundi wengine wanauza vyote pamoja, injekteri na elementi ya pompi, wanaita "kiti kamili". Kama pistoni ilikuwa ya milimita 8 na sasa ni ya 9, hesabu tena: 64 na 81. Kila pigo sasa linasukuma mazutu asilimia 27 zaidi, hata kama hakuna aliyegusa kitu kingine. Hapo kipimo chenyewe kimebadilika.

Na tahadhari moja: ncha ya msumari na ncha ya vitundu havibadilishani. Hata kama uzi unaingia na urefu ni sawa, usikubali. Ncha ya vitundu katika chumba cha S195 itapiga mazutu kwenye ukuta wa chumba, na hakuna kupima kokote kutakakotengeneza.

Kwa nini ni asubuhi tu?

Wakati moteri inazunguka mara 2000, pompi inasukuma haraka sana. Hata tundu likiwa pana, haraka ile inapandisha presha na mazutu inapasuka. Lakini kwa manivele, mtu mwenye nguvu anazungusha moteri labda sehemu moja ya kumi ya mwendo ule. Pistoni ya pompi inapanda polepole. Presha inafika tu pale pa kufungua injekteri, halafu inashuka, kwa sababu tundu pana linaachia yote. Mazutu inatoka kama mkojo wa mtoto, si kama ukungu. Tone nene haliwaki haraka, linaanguka kwenye pistoni na kwenye ukuta wa silinda wenye baridi.

Tena, moteri ya mazutu haina buji. Moto unatoka kwenye hewa iliyobanwa. Katika S195 hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja ya 20, na joto lake linaweza kupita digrii 400. Lakini ukizungusha polepole, hewa inapata nafasi ya kuponyoka kando ya sege na joto linaingia katika chuma baridi. Kisha tone nene linakuja kunywa joto lile lililobaki. Ndiyo sababu kuongeza mazutu kwa moteri inayokataa kuwaka ni sawa na kumwagia maji kwenye mkaa unaoanza kushika.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wachache wanalieleza. Moteri ina regulateri, ule mtambo wenye uzito unaozunguka na resori. Moteri ikienda mbio, uzito unafunguka na kupunguza mazutu. Moteri ikisimama, uzito umelala, na resori inasukuma pompi mpaka kwenye kikomo. Maana yake ni kwamba wakati wa kuwasha, pompi inatoa kipimo kikubwa kuliko vyote vya siku. Waliotengeneza moteri walitaka hivyo, kwa sababu moteri baridi inahitaji ziada, sehemu ya mazutu inapotea bila kuwaka. Lakini ziada ile ilihesabiwa kwa pistoni ya 8. Mukiweka ya 9, munaweka asilimia 27 juu ya ziada. Njo pale moshi mweupe unatoka: ule si moshi wa moto, ni mazutu mbichi iliyogeuka mvuke. Mukimwona mtu anaunusa, atawaambia macho yanamchoma.

Hasara si ya asubuhi moja. Mazutu mbichi inaosha mafuta kwenye ukuta wa silinda, na sege zinaanza kukwaruza chuma kavu. Inashuka chini na kuchanganyika na mafuta ya moteri, mafuta yanakuwa mepesi kama maji. Na kama imejaa sana juu ya pistoni, hatari ni kubwa zaidi, maana mazutu haibanwi kama hewa. Moteri ikizungushwa kwa nguvu juu ya mazutu iliyojaa, fimbo ya pistoni inaweza kupinda. Bei ya kutengeneza ile ni mahindi ya watu wangapi?

Kabla ya kugusa visi yoyote

Usianze kwa kupima mazutu kama vitu vingine havijaangaliwa. Filtri ya hewa katika nyumba ya mulini inajaa unga na makumbi kila siku, na filtri iliyoziba inaiga kabisa ugonjwa wa injekteri kubwa. Safisha. Angalia kama kuna maji chini ya tanki. Toa hewa katika tuyo za mazutu. Kisha jaribu kubana: bila kushika leva ya kulegeza, zungusha gurudumu kubwa kwa mkono polepole. Pistoni ikipanda, gurudumu lirudi nyuma kama linasukumwa na resori. Likipita laini bila kurudi, basi sege ao valvu zimechoka, na hamuna haja ya kuendelea na somo hili.

Injekteri ipelekwe kwa fundi mwenye pompi ya kupimia presha. Wale wa ncha ya msumari kama S195, ifunguke karibu na bar 125. Wale wa vitundu, presha ni ya juu zaidi, mara nyingi kati ya bar 180 na 220. Fuata kitabu cha moteri yenu. Kwa ncha iliyo pana kuliko ya kwanza, tunaomba fundi aweke presha upande wa juu wa kipimo kinachoruhusiwa, si upande wa chini, ili mazutu ipasuke vizuri hata pompi ikienda polepole. Asipite kipimo. Presha ikizidi sana, injekteri inachelewa kufunguka na pompi inachoka bure.

Munapoangalia, mutaona ukungu mwembamba unaokatika mara moja. Kama baada ya pigo kunabaki tone linaloning'inia kwenye ncha, injekteri ile ni mbaya, hata ikiwa mpya kutoka kwenye karatasi. Tumeona mpya nyingi za namna ile. Mkatae.

Na mkono wa mtu usipite mbele ya injekteri inapopiga. Mazutu ya presha ile inatoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kama kuchomwa na mwiba, hakiumi sana, lakini ndani mazutu inaoza nyama. Mtu akipigwa, aende hospitali siku ile ile na aseme wazi ni mazutu ya injekteri, asingojee kuvimba.

Kupima kwa sindano ya farmasi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Munahitaji sindano ya plastiki ya mililita 10 bila msumari wake, kipande cha tuyo ya plastiki, rangi kidogo, kaye na watu wawili watatu wa kuzungusha.

Kama piesi za zamani bado zinaweza kufungwa, anzeni nazo. Ondoa tuyo ya chuma kwenye injekteri, uunganishe tuyo ya plastiki iingie katika sindano iliyozibwa chini. Leva ya akselerateri iwekwe pale munapoiweka kila asubuhi. Mtu mmoja ashike leva ya kulegeza ili kusiwe na kubana, mwingine azungushe manivele kwa mwendo wa kuwasha. Tuyo ikisha kujaa na hewa yote kutoka, mwaga iliyo ndani ya sindano, kisha hesabu mapigo 100. Hesabu mapigo ya mazutu, si mizunguko ya manivele, maana kwenye moteri fulani manivele haiendi sawa na gurudumu. Mukichoka, pumzikeni na kubadilishana, hesabu haipotei. Soma sindano, andika katika kaye.

Tufanye mfano. Piesi za zamani zimetoa mililita 5. Munafunga pistoni mpya ya pompi, munarudia mapigo 100, munasoma 6,3. Ile 1,3 iliyozidi njo inayooga ndani ya silinda yenu kila asubuhi. Kama mumebadilisha ncha tu bila pompi, mutasoma karibu 5 ile ile. Hiyo inawaambia kwamba shida yenu ni kupasuka kwa mazutu, si wingi wake, na mkigusa kikomo cha pompi mutakosa nguvu bila kupona. Kipimo hiki cha dakika ishirini kinamaliza mabishano mengi na fundi.

Kama piesi za zamani zimekwisha kutupwa, hamuna namba ya kulinganisha. Tafuteni kooperative jirani yenye moteri ya namna ile ile, piesi zake za kweli, na mupime ile. Sindano moja inatosha kwa vijiji vitatu.

Kupunguza

Jaribu kwanza leva. Watu wengi wanaisukuma mpaka mwisho wakifikiri moteri itasikia huruma. Rudisha mpaka nusu, pima tena mapigo 100. Kwenye moteri fulani sindano itashuka, na kazi imekwisha: pigeni rangi nyekundu kwenye alama ile, na kila anayewasha aweke leva pale, si mbele, si nyuma. Kwenye nyingine sindano haitabadilika, sababu resori inasukuma mpaka kikomo hata leva ikiwa katikati. Hapo munaenda kwenye visi ya kikomo.

Moteri nyingi zinayo, pembeni ya sanduku la pompi ao la regulateri, mara nyingine imefungwa kwa risasi ili watu wasiiguse. Iachieni fundi, lakini komite iwepo. Kabla ya kugeuza, pigeni mstari wa rangi juu ya visi na juu ya chuma, ili mujue mulikotoka. Geuza robo ya mzunguko upande wa kupunguza, pima mapigo 100. Tena robo, pima tena. Mukifika kwenye namba ya zamani, kwa mfano wetu 5 ao 5,2, simameni. Msishuke chini ya ile, kwa sababu ziada ya kuwasha bado inahitajika, hasa kwenu wa milimani.

Mutatuuliza: tukipunguza, si tumepoteza nguvu tuliyonunua? Nguvu ile haikuwepo. Mazutu inahitaji hewa ili iwake, na silinda haikupanuka. Tena mulipo ni juu. Kule kando ya bahari hewa tuihesabu 100. Uvira, karibu na mita 800, munabaki na 91 hivi. Kwenye mita 1500 munabaki na 83 ao 84. Kwenye mita 2000, kama vijiji vya Hauts Plateaux, ni 78 ao 79. Moteri ya farasi 12 ikipanda kule inapumua nusu-nusu, na ukiilisha mazutu ya asilimia 27 zaidi inatapika moshi mweusi. Tena hesabu ya pesa: ikifanya kazi kwa nguvu yote, asilimia 27 ya litre 2,7 ni karibu litre 0,7 kwa saa. Masaa sita, litre nne na zaidi. Zidisheni kwa bei munayolipa kwenye bido, muone kama nguvu ile iliwahi kuingia ndani ya unga.

Hapa turuhusuni tuongee kama watu wa mashamba. Mara nyingi "mulini imekosa nguvu" maana yake ni mahindi mabichi. Mahindi yenye maji kupita 14 kwa 100 yanashika kwenye chekecheke, nyundo zinapiga kama kwenye ubugali, moteri inalia. Katika mwezi wa pili watu wana njaa, wanaleta mahindi ambayo hayajakauka, halafu injekteri inashitakiwa. Uma punje kwa meno: ikivunjika kwa sauti, saga, ikibonyea, irudi kwenye jua.

Wakati wa kupiga

Kama pompi imefunguliwa, lazima kuangalia tena wakati inapoanza kupiga. Kwa S195 ni kati ya digrii 16 na 20 kabla pistoni haijafika juu. Toa tuyo ya chuma kwenye pompi, acha mazutu ijae kwenye mdomo wake, zungusha gurudumu polepole sana ukitazama. Pale mazutu inapoanza kutikisika tu, simama, soma alama ya gurudumu. Ikiwa inapiga mapema, ongeza karatasi nyembamba ya chuma chini ya pompi. Ikiwa inachelewa, ondoa.

Kupiga mapema ni hatari kwa anayewasha. Moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, moteri inarudi nyuma, manivele inavunja mkono. Kwa hiyo vidole vyote vitano viwe upande mmoja wa manivele, na kidole gumba kisizunguke upande wa pili, ili ikirudi iponyoke yenyewe.

Asubuhi ya kwanza

Munaweka leva kwenye rangi. Munashika leva ya kulegeza, munazungusha mpaka musikie injekteri inalia "krak, krak" ndani. Sauti ile ni alama nzuri, mazutu imefika na inapasuka. Ongeza mwendo, achia leva ya kulegeza, endelea kuzungusha mpaka iwake. Ikisha kuwaka, punguza leva na uiache dakika tano bila mzigo.

Ikikataa mara tatu, msiende mara ya nne. Fungeni mazutu, mushike leva ya kulegeza, zungusheni mara 15 ili silinda iteme ilichokunywa. Mimineni maji ya moto katika tanki la maji ya moteri, si kwenye chuma kwa inje. Kwenu wa juu, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, hii peke yake inabadilisha kila kitu. Kama sege zimechoka kidogo, kijiko kimoja cha mafuta ya moteri kupitia njia ya hewa kinasaidia kubana. Kijiko kimoja. Lakini kitambaa chenye esansi mbele ya filtri, hapana, hata kama jirani anafanya. Esansi inawaka mapema kabla ya wakati, inapiga pistoni kama nyundo, na nyumba ya mulini imejaa vumbi la unga linaloshika moto.

Someni moshi. Mweupe kidogo kwa nusu dakika, halafu unapotea: ni sawa. Mweupe unaoendelea wakati moteri imepata joto: injekteri haipasui ao inachelewa, rudieni presha na wakati wa kupiga. Mweusi bila mzigo: bado mazutu imezidi ao filtri imeziba. Wa bluu: ni mafuta ya moteri yanaungua, ni ugonjwa wa sege, si wetu wa leo.

Komite iandike katika kaye tarehe, jina la fundi, namba iliyo kwenye ncha na kwenye pistoni ya pompi, na mililita za mapigo 100. Piesi ya zamani isiende na fundi, ifungwe katika kifuko na kuwekwa kwenye sanduku la kooperative. Siku ya kwenda mjini kutafuta ya kweli, namba yake inasomwa juu yake.

Mafuta ya moteri mubadilishe mara moja kama moteri ilikuwa inakunywa mazutu kwa siku nyingi, bila kungoja saa zake. Kisha kwa siku saba, kila asubuhi kabla ya kuwasha, toeni kijiti cha kupimia, muangalie alama na munuse. Kama mafuta yanapanda ao yananuka mazutu, visi ya kikomo irudi robo moja tena upande wa kupunguza, na mapigo 100 yahesabiwe upya.